Umehamia Dodoma? Namna ya kupanga nyumba bila kujuta kabla miezi sita haijaisha

Meseji ninayoipata sana siku hizi inakuja hivi: "Dada shikamoo, nimepata kazi Dodoma, naripoti Jumatatu, naomba unitafutie hata chumba tu." Leo Alhamisi. Mtu ana siku nne, hajui Ilazo iko upande gani wala Nkuhungu iko wapi, na hela ya miezi sita iko kwenye simu inamuwasha. Huyo dalali ameshamla kabla hata hajapanda basi.

Asa badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona niandike yote hapa. Mi sio dalali wala sio mwanasheria, ni mhasibu tu niliyetoka Tabata mwaka 2019, na tangu nifike nimeshakaa nyumba nne humuhumu Dodoma, mbili kati ya hizo niliingia kwa pupa na zote mbili nililipia hiyo pupa yangu.

Kwanza ujue unaingia mji wa namna gani. Habari ya makao makuu kuja Dodoma ni ya tangu 1973, wazee wa hapa walishaizoea wakawa hawaisikii tena, alafu Julai 2016 Magufuli akatangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli, na ikahama. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956, sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Hao ni zaidi ya laki tatu na nusu wameongezeka ndani ya miaka kumi na kila mmoja anataka pa kulala, pa kuogea na pa kuanika nguo. Ndio maana mtu aliyekuwa na shamba huko pembeni leo ana vyumba kumi na mbili na geti jeusi. Simlaumu, hata mimi ningejenga. Ila bei anayokutajia haijatoka kwenye kitabu chochote, kaangalia viatu vyako, kasikia unafanya kazi wizarani, akataja. Na hakuna wa kumwambia amezidisha maana ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, tangu hapo bei ni maelewano yenu nyie wawili.

Kwahiyo la kwanza kabisa: usipange wiki ya kwanza. Najua linauma. Fikia kwa ndugu, kwa mtu mliyesoma naye, kwa mwenzako wa ofisini mwenye chumba cha ziada, mchangie unga na umeme, kaa wiki mbili tatu. Kama huna mtu kabisa tafuta gesti ya kawaida, na kama unaweza kupanga tarehe yako ya kufika basi epuka Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti linakuwa limekaa na mji umejaa wageni, gesti ya kawaida inajiona hoteli. Tuseme gesti ni elfu ishirini na tano kwa siku na umekaa siku kumi, ni laki mbili na nusu imeondoka na unaona bora ungelipa kodi. Haya, sasa linganisha na laki tisa ya miezi sita uliyoiweka kwenye nyumba ambayo mwezi wa pili hutaki hata kuiona. Mimi nilikwepa gesti ya laki mbili nikaenda kupoteza zaidi ya laki sita, hesabu hiyo naijua vizuri.

Hizo siku za kusubiri ndio za kujua unapokwenda kila asubuhi. Dodoma watu wanasema "niko ofisini Dodoma" kumbe mmoja yuko mjini, mwingine yuko UDOM, chuo kikuu, na mwingine yuko Mji wa Serikali Mtumba, ambako ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar. Ukiwa wa Mtumba, upande wako ni mashariki: Nzuguni, Ihumwa, Ilazo, Kisasa, Swaswa, Iyumbu huko. Ukipanga Nkuhungu au Kizota au Nala kwa sababu bei imekuvutia, hizo ziko upande wa barabara ya Singida, kila siku itabidi uvuke mji mzima kwenda na uuvuke tena kurudi. Miyuji na Msalato ni njia ya Arusha, hivohivo. Na kabla hujaenda kutafuta, uliza ofisini kama kuna basi la wafanyakazi na linapita wapi, alafu panga kwenye njia ya basi. Nimeona watu wanalipia nyumba ya gharama ili wawe "karibu na kazi" wakati basi la ofisi lao linasimama mtaa wa bei nafuu zaidi.

Ngoja niwape hesabu, mimi hesabu ndio kazi yangu. Namba ni za mfano, weka za kwako. Chumba cha kwanza ni laki moja, kiko ndani ndani, unahitaji boda ya 1,500 mpaka lami, alafu daladala ya 700. Kwenda na kurudi ni 4,400, siku 22 za kazi ni 96,800. Chumba cha pili ni laki na sabini, kiko hatua chache na lami, unalipa daladala tu, 1,400 kwa siku, mwezi 30,800. Jumlisha: cha kwanza 196,800, cha pili 200,800. Tofauti ni elfu nne! Elfu nne unanunua kulala nusu saa zaidi, kutokupigwa vumbi la asubuhi, na kutobishana na boda saa mbili usiku wakati amekuona uko peke yako. Lakini dalali atakwambia cha kwanza ni "cha bei ya chini" na wewe utaamini kwa sababu laki moja inasikika vizuri.

Wengine wamepata akili ya treni. Tangu SGR ianze kufika Dodoma 2024 kuna watu wameacha familia Dar, hapa wanapanga kachumba tu na kila Ijumaa wanaondoka. Sio wazo baya kama mke au mume ana kazi yake Dar na watoto wako shule. Ila pigeni hesabu, tiketi ya daraja la kawaida ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000, wikiendi nne ni 248,000. Hiyo ni kodi ya nyumba nyingine kabisa, na hujala njiani.

Haya, tuje kwa madalali.

Dalali wa Dodoma hana tofauti na wa Dar, ana hela ya kukuonyesha, elfu kumi, elfu ishirini, anaita "service", alafu ukichukua nyumba anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hapo kwenye hela ya kuonyesha ndipo watu wanapoliwa. Unatoa elfu kumi, anakupeleka nyumba mbovu ya kwanza, mbovu ya pili, ya tatu mwenyewe hayupo, siku imeisha, kesho anataka elfu kumi nyingine. Kubalianeni mapema kabla hujapanda hiyo pikipiki: hela ya kuonyesha natoa mara moja, mpaka nipate. Akikataa muache, wapo wengi kama kumbikumbi. Na hiyo ya mwezi mmoja usimpe mpaka umeshika funguo na umesaini na mwenye nyumba, sio "nipe nusu nikushikie", hamna cha kushikia.

Alafu kuna lugha yao inabidi uijue. "Dakika tano kutoka lami" ni dakika tano za pikipiki inayokimbizwa. "Mtaa umetulia" maana yake hakuna nyumba wala duka, ukiishiwa chumvi usiku unalala na mboga yako. "Maji ya uhakika" nitaifikia sasa hivi. Na kuna hii ya maendeleo: "Dada hapa barabara ya mzunguko inapita hapo juu, uwanja wa ndege wa Msalato ni hapo, mwakani hapa hapashikiki." Mdogo wangu, barabara ya mzunguko kweli ipo, kilomita 112.3, na uwanja wa Msalato upo. Lakini anayefaidika kiwanja kikipanda bei ni mwenye kiwanja. Wewe mpangaji kikipanda unapandishiwa kodi. Sasa kwa nini ulipie leo kitu ambacho kikikamilika kitakufukuza?

Njia niliyopata nayo hii nyumba ya sasa haikuwa na dalali kabisa. Jumamosi moja nilivaa raba nikashuka kwenye mtaa niliokuwa nautaka, nikatembea. Vibao vya "nyumba inapangishwa" vipo getini, siku hizi ni vingi kuliko nilivyofika, watu wamejenga sana. Lakini zaidi ya vibao nilikaa kwa mama wa genge nikanunua nyanya na mchicha, tukapiga stori. Mama wa genge anajua nani anahama mwisho wa mwezi, nani kagombana na mwenye nyumba na nyumba gani kila baada ya miezi mitatu inaingia mpangaji mpya. Hiyo ya mwisho isikilize vizuri sana. Nilipopata nikamrudia na elfu ishirini ya asante, akacheka akasema "mwanangu ungenipa hata kanga", na kanga nikamletea.

Sasa ukiingia ndani ya nyumba usianze kushangaa jipsamu na tailizi. Dodoma nyumba ni maji, vingine ni mapambo.

Nyumba yangu ya pili, nilienda kuiona saa nne asubuhi, nikafungua koki ya jikoni, maji yakatoka vizuri kabisa, nikaridhika. Sikujua kwamba siku ile ilikuwa ndio siku yao ya mgao. Nimehamia, siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, siku ya tatu saa tisa usiku nasikia bomba la bafuni linakohoa, khoh khoh khoh, upepo unatoka kwanza, alafu maji ya kahawia, alafu safi. Kuamka kukinga. Ikawa ndio maisha, usiku wa mgao silali, nimepanga ndoo kuanzia bafuni mpaka sebuleni kama watoto wa shule mstarini, asubuhi kazini nasinzia juu ya vocha. Mwenye nyumba nilipomlalamikia akaniambia "lakini mwanangu si uliyaona maji mwenyewe?" Na kweli niliyaona.

Kwahiyo koki usiiamini, tumia macho. Angalia barazani kwa wapangaji wengine: kila mlango ukikuta madumu sita saba yamejipanga, jibu umeshapata. Angalia kama kuna simtanki, la lita ngapi na limeunganishwa na vyumba vyote au ni la mwenye nyumba peke yake, maana nimekuta tanki la lita elfu tano limekaa juu ya mnara kama mfalme na wapangaji wananunua dumu. Na wa kumuuliza sio mwenye nyumba wala dalali, wala hata mpangaji mwenyewe anayeshinda kazini. Muulize dada wa kazi wa nyumba ya jirani. Yeye ndio anayebeba. Atakwambia yanatoka siku gani, saa ngapi na yanadumu muda gani. Ukikuta nyumba ina kisima chao, onja, sehemu nyingine hapa maji yana chumvi kiasi kwamba birika linaota ukoko mweupe ndani ya mwezi, chai unaweka sukari bado unahisi kitu.

La pili, mafuriko. Ndio, Dodoma hii hii kame. Mvua hapa inaanza kama Desemba inaisha Machi au Aprili, miezi iliyobaki ni vumbi, sasa ukija kuangalia nyumba Agosti huwezi kuamini kwamba hapo maji huwa yanapita. Kuna sehemu za Nkuhungu zinajaa maji watu wanatoa makochi. Angalia fensi kwa chini, kama kuna mstari wa udongo uliokauka kimo cha goti, ondoka. Angalia kama mlangoni kumejengewa kakizingiti ka matofali ambako hakafanani na nyumba, hako hakakujengwa kwa urembo. Rangi ya ukuta ikiwa imebanduka chini tu na juu iko salama, uliza.

Upepo pia. Juni Julai hapa kuna baridi na upepo wa kubeba vumbi, kama madirisha yanatazama uwanja mtupu, utafagia asubuhi, utafagia jioni. Hilo sio la kukufanya ukatae nyumba lakini ni la kuombea punguzo.

Umeme: uliza luku ni yako peke yako au ya kushea. Ya kushea na watu wanne ndio chanzo cha ugomvi wote wa uani, mmoja ana friji, mmoja ana pasi na anapiga pasi za watu wa nje kwa hela, na mnachanga sawa. Kama ni ya kushea basi kuwe na submita, yaani mita ndogo, kwa kila mlango. Na kuna kitu kinaitwa kodi ya majengo, tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye luku, ilianza na elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500, na kwa ghorofa ya mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Inamkata anayenunua umeme wa kwanza kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba sio yako, kwahiyo unapopatana kodi mwambie kabisa, "Baba, hii ya jengo nitakuwa nakatwa mimi, kwa mwaka ni 18,000, tuitoe kwenye kodi." Wengi wanakubali maana hawakuwa wanaifikiria. Sio hela nyingi ila inamfanya aone umejipanga, na mtu aliyejipanga hapandishiwi bei hovyo.

Kabla ya kutoa hata mia, jua unamlipa nani. Mwenzetu mmoja ofisini alilipa laki tisa kwa "mwenye nyumba" mpole sana, alimkuta ndani amevaa msuli anakunywa chai, akamtembeza chumba kwa chumba. Kumbe yule ni mpangaji aliyekuwa anamalizia mwezi wake. Aliondoka Ijumaa, mwenzetu kaja na kirikuu cha vitu Jumamosi akamkuta mwenye nyumba wa kweli anapaka rangi. Dawa yake ni ndogo, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au balozi, muulize nyumba ile ya nani, na mkataba usainiwe mbele yake, unalipa hela kidogo ya muhuri, basi. Hela ipite benki au kwenye simu kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya mdogo wangu, yangu ina shida", na wewe hela yako ipatie shida.

Mkataba usiwe ule wa stesheneri wa kujaza nafasi tu. Ongeza kwa mkono: kodi ni kiasi gani na mpaka lini haitapandishwa, akitaka kupandisha atatoa taarifa miezi mingapi kabla, bili ya maji ya nyuma ni ya nani, kitu kikiharibika nani anatengeneza, na kama ni wewe inakatwaje. Wote wawili wekeni sahihi pembeni ya kila ulichoongeza. Siku ya kuingia piga video nyumba nzima, nyufa, koki, vitasa, mtumie mwenye nyumba wasapu hapohapo, tarehe inabaki. Kama mnaishi kwa kulipana mwezi kwa mwezi bila muda maalum, mwenye nyumba hawezi kukuamshia Jumapili akwambie kesho utoke, notisi inatakiwa iwe walau ya mwezi huohuo mmoja, na kukufungia kufuli nje sio halali hata kama unadaiwa. Ikifika huko anza na mwenyekiti wa mtaa, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, kesi yenyewe inaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kesi zina nenda rudi nyingi, mimi nimeona mara nyingi mwenyekiti mwenye busara anamaliza kwa jioni moja.

Sasa miezi sita. Kila mtu anataka miezi sita, wengine mwaka. Bungeni limeshalalamikiwa mara kadhaa na bado tunalipa. Ninachokishauri: nyumba usiyoijua usiilipie mwaka hata kama hela unayo, hata kama anakupunguzia. Omba miezi mitatu ya kwanza, mwambie "mama nikiona pananifaa, hiyo mitatu ikiisha nakulipa sita". Katika vyumba vitano wawili watakukatalia, mmoja atakuzungusha, wawili watakubali, hasa kama chumba kimekaa kitupu zaidi ya mwezi. Ndio maana yule mama wa genge ni muhimu, atakwambia kimekaa kitupu tangu lini. Ukijua kimelala miezi miwili huna haja ya kubembeleza, wewe ndio umeshika mpini.

Na msihamehame kama paka mwenye watoto. Chumba cha laki na nusu, dalali laki na nusu. Ukikaa miezi sita ukahama, kila mwezi umeongeza 25,000 ya dalali bila kujua, ukikaa miaka miwili ni 6,250. Bado kirikuu, bado pazia ambazo hazienei dirisha jipya. Mtu anakimbia kupandishiwa elfu kumi anaenda kulipa hiyo ishirini na tano.

Kama uko peke yako na mshahara ni wa kuanzia, fikiria wawili watatu kuchukua nyumba nzima. Ila mkataba uandikwe majina yote, sio la mmoja, siku huyo mmoja akipata uhamisho nyie wengine mnakuwa wageni kwenye nyumba mnayoilipia.

Watumishi wa umma msisahau kuulizia za shirika na za serikali, NHC, shirika la nyumba, wana nyumba zao Iyumbu, Watumishi Housing wako Njedengwa, TBA, wakala wa majengo ya serikali, nao wapo. Kuna foleni na nyingine ni za kuuza, lakini kuulizia ni bure, barua moja tu.

Na nyie wenye nyumba mnaosoma hii, maana najua mpo, muulizeni mtu wa Mtwara. Kipindi cha gesi kule watu walikopa wakajenga, kodi zikapanda mpaka wenyeji wakashangaa, bomba la kwenda Dar lilipokamilika 2015 wageni wengi wakaondoka na nyumba zikabaki na mijusi. Dodoma haitakuwa hivyo moja kwa moja, wizara haiondoki kama kampuni ya kuchimba, lakini kila mtaa unajengwa na mpangaji mzuri anayelipa kwa wakati hapatikani kila mwezi.

Mwisho ni siku ya kupandishiwa, itafika tu. Mwaka jana mama mwenye nyumba wangu alikuja jioni, nikamwamkia, nikamwekea chai, nikajua. Tukaongelea mvua, tukaongelea mjukuu wake, alafu akasema, "Mwanangu, unaona mwenyewe hali ilivyopanda, kuanzia miezi hii ijayo itabidi iwe laki mbili." Ilikuwa laki na nusu. Sikubisha. Nikaenda chumbani nikaleta daftari. Nimeandika humo kila kitu tangu niingie: kitasa cha mlango wa nyuma, taa ya nje, fundi wa choo mara mbili, na risiti zake nimezibana kwa pini, pamoja na kila tarehe niliyolipa kodi, hakuna hata moja iliyochelewa. Nikamwambia mama, mi sikatai kuongeza, ila chumba cha pembeni hapo kina miezi mitatu hakina mtu na unataka laki mbili hiyohiyo. Akanyamaza, akaifunua ile daftari taratibu, akasoma mpaka mwisho kidole kikifuata mstari. Akauliza, "Na hii koki ya jikoni bado inavuja?" Nikasema bado mama. Tukakubaliana laki na sitini na tano kwa mwaka mzima, nalipa kwa mitatu mitatu, na wiki iliyofuata alikuja na fundi wake, koki ikabadilishwa.